Hewani ni Kijiji

Mimi Gumato nina mdomo, sikufichi. Ukija kunywa chai kwenye kibanda changu hapa Garsen, karibu na geti la afisi ya shirika la Mkono wa Jirani, utapata chai na utapata maneno, upende usipende. Kwa hiyo juzi kijana mmoja aliyeletwa kutoka Mombasa, wale wa kompyuta za kubeba begani, alipokaa kwenye benchi langu akaanza kumcheka Tamar, hakujua amekaa wapi.

"Yule mama wa afisini," akasema, mahamri tele mdomoni, "imeili zake ziko uchi kabisa. Hazina rangi, hazina jedwali, herufi kubwa tupu kama telegramu ya msiba. Nimemwonyesha namna ya kuzipamba, amenitazama tu."

Nikamwambia, "Mwanangu, meza hilo hamri kwanza. Huyo unayemfundisha alikuwa fundi wa kupamba barua kabla wewe hujaota ndevu." Akacheka, akaenda zake. Basi nakueleza wewe uliyebaki.

Tamar ni Mpokomo wa Hewani. Hewani ni kijiji kando ya mto Tana, msitu uko mgongoni, mashamba ya mpunga na migomba yako mbele. Mimi ni Morma, watu wa ng'ombe, na kati yetu na wao utani hauishi. Jina la kijiji chao nililichukua likawa mali yangu. Kila Jumatatu asubuhi Tamar akirudi kutoka kwao, matope magotini na kikapu cha ndizi kichwani, nilikuwa nampigia kelele hadi watu wa stendi wageuke: "Eh, dada wa Hewani! Umetua lini?"

Naye bila hata kucheka anajibu, "Nimetua sasa hivi, Gumato. Nipe chai nikaushe mabawa."

Wateja wangu walikuwa wanausubiri utani huo kila wiki. Mgeni asiyejua mambo ya huku alikuwa anatukodolea macho, na hapo ndipo tulipokuwa tunacheka zaidi.

Alilelewa na mama yake peke yake, Mama Loise, mwanamke mwembamba mwenye mikono mirefu, asiyejua kukaa. Mpunga wa mama huyo ndio uliompeleka Tamar Malindi kujifunza kupiga taipu. Akaolewa na Ngumbao, Ngumbao akaenda Mombasa kutafuta kazi, akaipata, akampata na mke mwingine huko huko. Tamar hakulia mbele yetu. Alirudi Garsen akaajiriwa hapo afisini, akapanga chumba kimoja, na binti yake akambakisha Hewani kwa bibi. Binti anaitwa Valentine. Alizaliwa ile siku ya Februari ya wapendanao, na nesi ndiye aliyempa jina. Sisi tunamwita Vale. Alikuwa hajaanza hata shule ya msingi wakati wa haya ninayosimulia.

Sasa hiyo kompyuta. Tamar alipelekwa kozi Mombasa, akarudi macho yanang'aa kama aliyeposwa upya. Akaniita ndani, nikaacha birika motoni.

"Gumato, tazama. Zamani imeili ilikuwa maneno tu. Hii programu mpya ya barua ina njia mbili. Hapa kwenye menyu unachagua: maandishi matupu, au hii inaitwa HTML. Ukichagua matupu, barua inakwenda kama ilivyozaliwa. Ukichagua HTML, unaivalisha."

"Unaivalisha nini?"

Akanionyesha. Aliandika GUMATO kwa herufi kubwa za kijani, chini akaweka picha ya kikombe kinachofuka moshi, na nyuma yake rangi ya maziwa. Wallahi machozi yalinitoka. Jina langu sijawahi kuliona limepambwa hivyo, hata kwenye kadi ya harusi yangu mwenyewe halikuwa hivyo.

Tangu siku hiyo barua za Tamar zikawa mabibi harusi. Kila Ijumaa alituma ripoti ya afisi kwa waya wa simu: mstari wa kijani juu, nembo ya shirika ya mikono miwili, majedwali yenye mistari iliyonyooka, neno la maana likitiwa wekundu. Wafadhili huko Ulaya walizipenda. Bwana Zakaria wa afisi ya Mombasa, anayepanga magari na ndege za shirika, alimwandikia kumwambia hajaona afisi yenye barua nadhifu kama ya Garsen. Tamar aliipanga ile programu hivi kwamba kila barua mpya ilifunguka ikiwa imekwisha vaa, nembo na mstari wake, yeye akawa anajaza maneno tu. Mimi nilimtania kwamba barua zake zina leso nyingi kuliko yeye. Lakini nilijivunia, kwa nini niseme uongo?

Mvua ikaja. Ile ya Elnino, mwaka wa tisini na saba. Mimi nimezaliwa kwenye tambarare hizi, mafuriko nayajua. Mto hutoka, watu husogea, mto hurudi, watu hupanda. Mwaka ule mto ulitoka ukasahau kurudi. Barabara ya Malindi ikakatika, ya Hola ikakatika, nguzo za simu zikalala majini. Mume wangu aliondoka na ng'ombe kutafuta mahali palipoinuka na sikujua kama yu hai. Mizoga ya ndama ilikuwa inapita mbele ya kibanda changu, nami nakoroga chai ya rangi, maziwa hakuna. Mkuu wa afisi, Bwana Godhana, alikuwa kwenye mkutano Nairobi, akakwama huko. Afisi nzima ikabaki ni Tamar, na mimi niliyehamia kwenye ngazi zao kwa sababu kibanda kilikuwa kimejaa maji.

Shirika lilikodi helikopta moja, ikakaa Malindi. Moja tu, kwa mto mzima. Bwana Zakaria ndiye aliyeipangia safari, na alipanga kwa kusoma barua zinazofika kutoka kila upande. Simu zilipokufa tukabaki na redio. Redio ile ilikuwa imeunganishwa na kompyuta, barua inakwenda kwa mawimbi, polepole, inakoroma kama mzee mwenye pumu. Umeme wake ulitoka kwenye betri, betri inachajiwa na sola ya paani, na jua lenyewe tulikuwa hatujaliona tangu mwezi uandame. Jenereta ilikuwepo, dizeli ndiyo hakuna.

Asubuhi moja akafika Ishmael, mjomba wake Tamar, mpiga kasia wa Hewani. Alifika kwa miguu na mikono, mtumbwi wake umepinduliwa na mkondo kule nyuma na kasia ndilo alilobaki nalo. Akakaa kwenye ngazi. Nikampa chai, ikamwagika yote.

"Mto umekata njia mpya," akasema. "Umepita katikati ya mashamba. Vijana walitoka mapema, wako Minjila juu ya barabara. Waliobaki ni wazee na watoto, wamo kanisani, maji yamefika magotini. Mtumbwi hauendi tena huko, Tamar. Atakayejaribu atakufa."

"Vale?"

"Yuko na bibi yake. Dada amesema nikwambie mtoto hajambo. Amesema, mwambie Tamar aandike ile ndege ije."

Tamar hakupiga ukelele. Aliingia ndani, akavuta kiti, akawasha kompyuta. Nilisimama nyuma yake. Barua ikafunguka na mavazi yake, nembo, mstari wa kijani. Akaanza kuchora jedwali.

"Mama Vale," nikamwambia, "andika haraka uache mapambo."

"Gumato, huyo mtu leo anapata barua kutoka kila kijiji, na kila mtu anasema anakufa. Nikiandika ovyo itawekwa chini ya rundo. Hii lazima ipige kelele."

Nani angebishana naye? Alisema kweli kama alivyoijua. Akachora safu tatu: Nani, Wapi, Wanataka nini. Mstari wa kwanza akaweka vijana, Minjila, mahindi na mablanketi. Mstari wa pili akautia wekundu wote, herufi nzito, kubwa. Safu ya kwanza, wazee na watoto. Safu ya pili, wako Hewani. Safu ya tatu, helikopta. Ukiitazama hata kwa mbali uliona palipo na moto.

Akabonyeza. Redio ikaanza kukoroma. Barua ile na nembo yake na rangi zake ilikuwa nzito, ikapita kwa kujikokota mchana wote, taa ya betri ikihama kutoka kijani kwenda manjano. Tamar alikaa ameshika meza kwa mikono miwili. Jioni kompyuta ikaandika kwamba barua imefika. Akainamisha kichwa kwenye kibodi akasali Kipokomo, nami nikasali kwa Kiarabu changu cha madrasa, na Ishmael akasinzia na kasia lake.

Kesho yake tuliamka tukitazama juu. Kila mlio, hata wa mbu, tulidhani ndiyo. Jua likawa limepanda nyuma ya mawingu, hakuna kitu. Tamar akasema huenda jibu liko redioni. Akawasha. Jibu lilikuwepo.

Nilisoma hadi darasa la saba, kwa hiyo nililisoma mwenyewe juu ya bega lake. Lilikuwa lote kwa herufi kubwa:

TAMAR. BARUA IMEFIKA IMEJAA TAKATAKA ZA MTAMBO LAKINI TUMEELEWA. ALHAMDULILLAHI WAZEE NA WATOTO WAKO HEWANI NA HELIKOPTA. BILA SHAKA NI YA WENZETU WA SHIRIKA JINGINE. YETU TUMEITUMA KWINGINE. TUNAWASUBIRI MALINDI NA UJI NA MABLANKETI. WATATUA SAA NGAPI? ZAKARIA.

Watatua saa ngapi. Utani wangu ule ule. Nilihisi kama nimepigwa kofi na mkono wangu mwenyewe.

Tamar alisoma mara moja, akasoma tena, midomo inatembea. Kisha akatoa sauti ambayo sijaisikia tena na sitaki. "Hewani!" akalia. "Gumato, amesoma hewani! Kwenye hewa! Anadhani wanaruka!"

Baadaye ndipo tulipojua ilivyokuwa. Barua za waya wa simu zilikuwa zinaingia kwenye mashine mpya ya Bwana Zakaria, rangi na mistari yote anaiona. Za redio zilikuwa zinaingia kwenye mashine kongwe ya chumba cha redio, inayojua maandishi matupu tu, tena kwa herufi kubwa. Hakuna aliyemwambia Tamar. Ile mashine iliivua barua nguo zote. Wekundu ukapotea, mistari ya jedwali ikapotea, safu zikasukumana, na katikati ya alama zisizosomeka ikatoka sentensi moja iliyonyooka: WAZEE NA WATOTO WAKO HEWANI HELIKOPTA. Na mtu wa Mombasa asiyewahi kufika huku Tana angejuaje kwamba hewani ni mahali penye kanisa na migomba?

Lakini saa ile hatukuwa na nafasi ya kuelewa. Tamar aliruka kwenye kibodi, akafungua barua mpya, akaandika kwa vidole vinavyogongana, akabonyeza. Mimi ndiye niliyeona kwanza. Ule mstari wa kijani. Ile nembo.

"Mama Vale, imevaa! Barua imevaa!"

Akaikimbilia kuizuia. Nembo ilikuwa imekwisha anza kutambaa kwenye redio, na kabla hajaisimamisha taa ya betri ikawa nyekundu, ikapepesa, ikafa. Kioo cha kompyuta kikawa cheusi, uso wa Tamar ukaonekana humo.

Alishuka kutoka kitini akakaa chini. Akaanza kujipiga mapaja. "Nimemuua mama yangu kwa rangi," akasema. "Nimemuua mtoto wangu kwa mikono miwili ya nembo." Ishmael alikuwa mlangoni, analia waziwazi, mtu mzima yule. Nami hasira ikanipanda mpaka nikaona giza. Nilikasirikia mvua, nikamkasirikia Zakaria na uji wake, nikaikasirikia hata ile siku niliyokipenda kile kikombe cha picha. Nikafunga kanga kiunoni nikatoka.

Kule mwisho wa mji, juu ya tuta la barabara, kulikuwa na lori la Bule, Msomali wa sukari, limekwama tangu daraja lifunikwe. Wezi walikuwa wengi, na Bule alikuwa amefungua betri ya lori akawa anaikumbatia mchana na usiku. Nilimfikia maji yakiwa kifuani.

"Bule, nipe hiyo betri."

"Mama Gumato, umerukwa na akili? Betri ndiyo roho ya lori."

"Lori lako linakwenda wapi na roho yake? Kuogelea? Bahili mkubwa wewe, umekaa juu ya betri kama kuku juu ya yai, na watu wanakufa!"

"Watu gani?"

"Mtoto wa Tamar na bibi yake. Wazee na watoto wote wa Hewani. Wamo ndani ya maji na redio imezima."

Bule alinitazama. "Ungeanza na hilo," akasema, "matusi yangefuata." Akaiinua betri akajitwika kichwani, akashuka majini, nami nikatangulia kumwonyesha palipo na mashimo. Siku hizi akija kunywa chai simcheleweshi.

Ishmael na Bule waliunga nyaya, cheche zikaruka, redio ikakohoa. Tamar akakaa tena kitini. Safari hii hakukimbia. Alifungua barua mpya, ikaja na mavazi yake, akaenda kwenye menyu akachagua maandishi matupu. Programu ikamsimamisha, ikaweka kijisanduku cha maneno ya Kiingereza katikati ya kioo.

"Inasema nini?" nikauliza.

"Inaniuliza kama niko tayari kupoteza mapambo yote."

"Poteza!"

Akabonyeza. Kijani kikaondoka, nembo ikaondoka, karatasi ikawa nyeupe pee. Humo ndani akaandika haya, na mimi nayajua kwa moyo kama Alhamdu:

HEWANI NI KIJIJI. KIMEFUNIKWA NA MAJI. HAKUNA ALIYERUKA. MAMA YANGU NA MTOTO WANGU WAKO HUKO. LETE HELIKOPTA.

Ilikwenda palepale. Hata hatukusikia redio ikikoroma, ilifanya kama kupiga chafya, basi. Nilitaka kuivunja. Jana tulikaa mchana kutwa tunasubiri nembo ipite, na kumbe maneno yenyewe hayana uzito.

Jibu lilirudi kabla maji ya chai hayajachemka. MUNGU NISAMEHE. HELIKOPTA IKO MBALI NA MAWINGU YAMESHUKA. INAKUJA ALFAJIRI. ZAKARIA.

Alfajiri. Tamar alitazama dirishani, na bado ilikuwa alasiri.

Kulipopambazuka helikopta ilitua uwanja wa shule, mahali pekee palipokuwa pameinuka. Akashuka mwanamume wa makamo, miwani, viatu vya ngozi vinavyong'aa. Akauliza, "Tamar ni nani?" Huyo ndiye Bwana Zakaria. Alikuwa amekuja mwenyewe. Ishmael akapanda mahali pake ili amwonyeshe rubani, na Tamar naye alitaka kupanda, rubani akakataa, akamwambia kila kiti ni mtoto mmoja. Tamar akaachia mlango.

Tukasubiri, sisi watatu. Bwana Zakaria akatoa mfukoni ile karatasi, barua ya kwanza jinsi ilivyotoka kwenye mashine yao, akampa Tamar. "Dada yangu," akasema, "isome mwenyewe. Niambie kama ungekuwa mimi." Mimi nilikuwa nimemwandalia matusi tangu jana, yamepangika vizuri. Nikayameza. Tamar aliisoma karatasi, akaikunja, akamrudishia.

"Ningeshukuru Mungu," akamjibu. "Kama wewe."

Mlio ukarudi. Mlango ukafunguliwa, wakaanza kushushwa. Mzee mmoja kwanza, kisha watoto, wamefungwa mablanketi, macho makubwa. Wa tatu alikuwa Vale. Tamar alimbeba akamkaza mpaka mtoto akasema anaumia. Kisha akatazama juu ya bega la mtoto, mlangoni mwa ile helikopta, akawa anamngoja mama yake. Walishuka wote. Rubani akafunga mlango.

Yule mzee akaanza kumweleza, polepole, kwa Kipokomo, nami nakielewa. Akasema usiku wa kuamkia asubuhi ile maji yaliingia hadi shingoni, Mama Loise akawapandisha watoto juu ya mabati ya kanisa mmoja mmoja, kwa ile mikono yake mirefu. Akabaki chini anawashikia ngazi. Usiku ule ule ukuta ukaanguka. "Lakini jana kutwa alikuwa mzima," akasema mzee. "Alikuwa ametazama juu. Akawa anatuambia, subirini, Tamar amekwisha andika."

Jana kutwa. Hapo nilikaa chini kwenye matope, nikajifunika kanga uso.

Bwana Zakaria hakijui Kipokomo. Aliona tu nimekaa matopeni. Akachutama mbele ya Vale, akamwuliza kwa upole, "Mwanangu, na bibi yuko wapi?"

Vale akasema, "Bibi amebaki Hewani."

Na yule mtu, aliyekuwa amekwisha jua, aliyeandikiwa kwa herufi kubwa kwamba Hewani ni kijiji, akainua uso akatazama mawinguni. Mara moja tu. Kisha akatazama viatu vyake, akavua miwani, akalia pale pale mbele ya kila mtu.

Mama Loise alipatikana maji yalipopungua, kwenye migomba yake mwenyewe. Tamar alikwenda kuzika akakaa huko majuma kadhaa. Aliporudi ilikuwa asubuhi, Jumatatu, nami nimeanza kusimamisha kibanda upya. Nikamwona anakuja kutoka mtoni, matope magotini, Vale mgongoni, na kikapu hakipo. Watu wa stendi wakageuka wakanitazama. Mdomo huu wangu, niliokuwa nao siku zote, ukafa ganzi. Nikajifanya napangusa vikombe.

Akaja akakaa kwenye benchi. Nikammiminia chai, nikaweka mbele yake, sikumtazama.

"Gumato," akasema. "Mbona huniulizi?"

"Nikuulize nini, Mama Vale?"

"Unajua. Niulize."

Nikasimama na birika mkononi. Nilifikiri ananikomesha, na kama ndiyo, nilistahili. Lakini nilipomtazama nikaona hakuna ubaya usoni, ni mtu aliyechoka tu anayetaka kitu kimoja kibaki pale alipokiacha. Nikauliza, kwa sauti isiyofika hata benchi la pili, "Dada wa Hewani. Umetua lini?"

Alishika kikombe kwa mikono miwili, akakaa nacho mpaka kikaacha kufuka.

"Bado," akasema. Kisha akanywa chai, akaenda afisini kufungua.